KENYA: UCHUMI UMEKUA, DENI LIMEKUA, MSHAHARA JE?

Katika mikutano ya matawi kuna swali linalorudi kila wanapotajwa jirani zetu wa Kenya. Wanachama huuliza: inakuwaje nchi iliyosifiwa kwa zaidi ya miaka kumi kwamba uchumi wake unakua, nchi yenye barabara pana na reli mpya, ikafika Juni 2024 vijana wake wakaingia Bungeni kwa nguvu kwa sababu ya kodi? Kama mali ilikuwa ikiongezeka, ilikwenda wapi? Wengine huuliza kinyume chake: kama serikali ya Kenya ilitumia fedha nyingi kuliko ilizokusanya, je, si matumizi hayo hayo ndiyo yaliyomfikia mwananchi, na kwa nini basi analalamika?

Maswali yote mawili ni ya haki, na hatuyajibu kwa ajili ya kumcheka jirani. Sisi nasi tumejenga reli kwa fedha za mikopo, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Yaliyompata jirani yafaa tuyafahamu mapema.

Kwanza tuelewane juu ya neno "kukua". Wataalamu wanaposema uchumi umekua kwa asilimia 5, wana maana kwamba thamani ya vitu vyote na huduma zote zilizotolewa nchini mwaka huo imezidi ya mwaka uliopita kwa kiasi hicho. Kiwanda kilichotoa magunia 1,000 kikatoa 1,050 kimekua kwa asilimia 5. Hesabu hiyo haisemi lolote juu ya fundi wa mtambo kama ameongezewa au hakuongezewa, wala kama magunia yale 50 yalitoka kwa mashine mpya iliyowaondoa wenzake watatu. Ni hesabu ya jumla, nayo haina mlango wa mgawanyo.

Kenya walipata mfano wa ajabu wa jambo hili. Mwisho wa Septemba 2014 idara yao ya takwimu ilirekebisha namna ya kupima uchumi, ikaingiza shughuli ambazo zamani hazikuhesabiwa vizuri. Pato la taifa likaonekana kubwa zaidi kwa kama asilimia 25, na Kenya ikahamia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Marekebisho yenyewe yalikuwa halali na nchi nyingi huyafanya. Lakini mchuma chai wa Kericho aliyelala jioni katika nchi maskini aliamka asubuhi katika nchi ya kipato cha kati, na kikapu chake na mshahara wake vilikuwa vile vile.

Hata hivyo si kweli kwamba ukuaji wote ulikuwa wa karatasi. Tukiacha mwaka 2020 wa korona, ambapo uchumi wao ulirudi nyuma kidogo, Kenya ilikua kwa wastani wa kama asilimia 5 kwa mwaka kwa muda mrefu. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2005/06 ulionyesha kwamba watu 46.6 katika kila 100 walikuwa katika umaskini. Uchunguzi wa 2015/16 ulikuta 36.1. Huo ni unafuu wa kweli kwa mamilioni ya watu, na mtu akisema ukuaji haukumsaidia mlalahoi hata kidogo atakuwa anaongopa. Tatizo ni yaliyofuata. Kufikia 2022 hesabu ya umaskini ilikuwa imerudi juu hadi 39.8, huku uchumi ukiendelea kutangazwa kwamba unakua.

PENGO LA BAJETI NA KILICHONUNULIWA

Sasa tuje kwenye nakisi, yaani pengo kati ya fedha ambazo serikali inakusanya na zile inazotumia. Pengo hilo hufunikwa kwa mkopo, na mikopo ya kila mwaka ikirundikana ndiyo inayoitwa deni la taifa. Katika mwaka wa fedha 2016/17 pengo la Kenya lilikaribia asilimia 9 ya pato lote la taifa kwa hesabu za wakati ule. Deni lao, ambalo mwaka 2013 lilikuwa chini ya shilingi za Kenya trilioni 2, lilipita trilioni 10 kufikia katikati ya 2024.

Wapo wanaofananisha serikali inayokopa na baba wa nyumba anayekunywa mshahara kabla ya mwisho wa mwezi. Sisi hatukubali mfano huo. Serikali haistaafu, inaweza kutoza kodi, na kama mkopo wake umejenga kitu kinachozalisha, kitu hicho kinaweza kujilipia. Kwa hiyo kitu cha kuangaliwa ni fedha zilinunua nini, zilikopwa kwa nani, na hatimaye nani anazilipa.

Fedha nyingine zilinunua kitu cha maana. Mwaka 2013 wateja wa umeme nchini Kenya walikuwa kama milioni 2.3, na kufikia 2023 walikuwa zaidi ya milioni 9. Fundi wa kuchomelea, kinyozi, mwenye mashine ya kusaga, mtoto anayesoma usiku, wote hao walipata kitu wanachoweza kukishika. Barabara nazo zilifika mahali ambapo malori yalikuwa yakizama kila masika.

Reli ni habari nyingine. Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwisho wa Mei 2017, kwa gharama ya kama shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Wakati wa ujenzi takwimu za ukuaji zilipanda, maana kila tuta na kila daraja huhesabiwa katika pato la taifa. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilitoka tena nje kwa mkandarasi, kwa injini na kwa vifaa, na kilichobaki vijijini ni mishahara ya vibarua kwa miaka michache. Abiria waliipenda treni, na haki yao. Mzigo ndio ulitakiwa ulipe deni, nao haukutosha. Hapo serikali ikawalazimisha waagizaji makontena yao yapande treni hadi Nairobi. Madereva na matingo wa malori, wapakuzi wa Mombasa, mama lishe na wenye nyumba za wageni katika miji ya njiani kama Mariakani na Mtito Andei wakaona riziki inapita mbele yao juu ya reli. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana mara nyingi juu ya jambo hili. Amri ile iliondolewa Septemba 2022 serikali mpya ilipoingia. Reli ipo na deni lipo. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500.

NANI ANAIKOPESHA SERIKALI

Hapa ndipo penye jambo ambalo magazeti hulipita haraka, nasi tungependa kulikalia kidogo.

Serikali haikopi nje tu. Karibu nusu ya deni la Kenya ni la ndani, na hukopwa kwa kuuza hatifungani. Anayenunua hatifungani anaipa serikali fedha zake, na serikali inamlipa riba mpaka siku ya kumrudishia. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, na riba ya hatifungani za namna hiyo haikutozwa kodi. Kiasi cha chini cha kununulia kilikuwa shilingi 100,000.

Tufanye hesabu ndogo. Wakati huo kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi kilikuwa shilingi 7,544 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, asile, asivae, asimpeleke mtoto zahanati, angepata shilingi 90,528. Yaani mshahara wake wote wa miezi 12 usingefika mlangoni mwa hatifungani. Lakini mwenye shilingi milioni 10 aliyeziweka humo alipata zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka bila kukatwa senti. Nakisi ya serikali, kwa mtu huyu, ni shamba linalozaa bila jembe.

Tuseme ukweli kwamba mifuko ya pensheni nayo hununua hatifungani, kwa hiyo kuna akiba ya wafanyakazi humo ndani. Lakini wanunuzi wakubwa kabisa ni benki. Na benki ikipata mteja kama serikali, anayelipa vizuri na asiyekimbia, haina haja ya kuhangaika na mwenye karakana anayetaka mkopo wa kununua cherehani kumi na kuajiri watu kumi. Hali hii ilionekana wazi kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, sheria ilipoweka kikomo cha riba ya mikopo. Benki ziliwapa kisogo wakopaji wadogo zikaelekea serikalini. Kwa njia hiyo nakisi kubwa inaweza kula ajira ambazo hazijazaliwa, na hakuna atakayeziona katika takwimu. Mwaka 2023 Kenya ilihesabu kazi mpya kama 848,000. Katika hizo kama 720,000 zilikuwa za jua kali, zisizo na mkataba wala chama.

DOLA, CHAI NA MAFUTA YA TAA

Deni la nje lina sumu yake nyingine. Juni 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika masoko ya fedha ya kimataifa, na mkopo wa miaka kumi ulikuwa na riba isiyofika asilimia 7. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 88. Siku ya kulipa ilipokaribia, Januari 2024, dola moja ilikuwa inataka shilingi kama 160. Ili kupata njia, mwezi uliofuata serikali ilikopa dola nyingine bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10. Baadaye shilingi ilipata nguvu ikarudi kwenye 130 hivi, lakini bei zilizokwisha kupanda hazina desturi ya kurudi na shilingi.

Shilingi inaposhuka, mafuta, mbolea, ngano na dawa zinazotoka nje hupanda. Kwa upande mwingine, anayeuza nje hufurahi. Mwaka 2023 chai ya Kenya iliingiza zaidi ya shilingi bilioni 180 kutoka nje, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa, na moja ya sababu zake ni huko kushuka kwa shilingi. Chai inauzwa kwa dola. Mchumaji analipwa kwa shilingi. Mwenye shamba alipokea shilingi nyingi zaidi kwa kila dola ile ile, na mchumaji akapokea zile zile, ambazo sasa zilinunua unga mdogo. Mwaka huo huo, mwezi Mei, wafanyakazi na vijana wa Kericho walichoma moto mashine za kuchumia chai, kwa kuwa mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Sisi hatushauri mtu kuchoma mashine. Lakini anayewashangaa na asome tena sentensi zilizotangulia.

Tumesikia wanachama wakisema kwamba wafanyakazi wa Kenya waliuawa na makato ya mshahara. Tumeitazama karatasi ya mshahara, na kwa mtu wa kipato cha chini jambo si rahisi hivyo. Mwenye shilingi 20,000 kwa mwezi hafiki kiwango cha kulipa kodi ya mapato. Kabla ya mabadiliko alikatwa 200 za mfuko wa hifadhi na 750 za bima ya afya, jumla 950. Kuanzia Oktoba 2024 alikatwa 1,200 za mfuko wa hifadhi, 550 za bima mpya ya afya, na 300 za ushuru wa nyumba, jumla 2,050. Makato yamezidi mara mbili, hilo ni kweli. Lakini zile 1,200 ni akiba yake mwenyewe ya uzeeni, na bima imepungua. Kodi mpya hasa ni ile 300 ya nyumba, ambayo anakatwa hata yule ambaye hatapata nyumba hizo kamwe.

Maumivu makubwa hayaandikwi katika karatasi ile, yanapatikana dukani. Septemba 2018 mafuta yalitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 8, na Julai 2023 ikapandishwa hadi 16. Katika ule mwaka wa 2018 mafuta ya taa yaliongezewa ushuru mwingine wa shilingi 18 kwa lita, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Wafanyabiashara wadanganyifu wachache wakatibiwa kwa kuwapa dawa maskini wote. Septemba 2023 lita moja ya mafuta ya taa ilivuka shilingi 200. Kodi ya namna hii haimuulizi mtu anapata kiasi gani. Mkurugenzi na mpalilia magugu wanalipa sawa kwa lita, ila mkurugenzi hapikii mafuta ya taa.

Na unga? Katikati ya 2022 pakiti ya kilo 2 ilivuka shilingi 200. Familia inayomaliza pakiti moja kwa siku ilihitaji zaidi ya shilingi 6,000 kwa mwezi kwa ugali mtupu, bila mboga.

Tuuweke mshahara pembeni ya bei hizo. Kima cha chini cha shambani kilikuwa shilingi 6,736 tangu Mei 2018, na kilikaa hapo miaka minne kamili bila kuguswa. Katika miaka hiyo bei zilikuwa zikipanda kwa kama asilimia 5 kila mwaka, kwa hiyo ili mfanyakazi abaki palipale alipokuwa, bila kusogea mbele hata hatua, mshahara wake ulitakiwa upite 8,000. Mei 2022 waliongezwa asilimia 12, ikawa 7,544. Novemba 2024 wakaongezwa asilimia 6, ikakaribia 8,000. Yaani 2024 walifika mahali walipotakiwa kuwa 2022, na bei hazikuwasubiri. Walio chini ya mikataba ya hiari iliyofungwa na vyama vyao walipata zaidi ya kima hiki, na tofauti hiyo wanaijua. Lakini hata kwa jumla ya waajiriwa wote wenye kazi rasmi, takwimu za serikali ya Kenya zenyewe zilionyesha kwamba thamani halisi ya mshahara wa wastani ilishuka katika 2021, ikashuka 2022, ikashuka tena 2023. Katika ule wa kwanza, 2021, uchumi ulikuwa umeruka kwa zaidi ya asilimia 7.

Kwa hiyo swali la wanachama wetu lina jibu. Ukuaji ulikuwepo, na mwanzoni uliwafikia wengi kwa umeme, barabara na kazi. Ulipofika wakati wa kulipa, zaidi ya nusu ya kodi iliyokusanywa ilikuwa inakwenda kwa wadai kabla mwalimu hajalipwa na kabla zahanati haijapata dawa. Waliofaidi nyakati za kukopa na waliolipa nyakati za kulipa hawakuwa watu wale wale.

Muswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 300 nyingine, na katika sura yake ya kwanza ulitaka hata mkate utozwe kodi. Makumi ya watu, wengi wao vijana, waliuawa katika maandamano yale. Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi. Ulikuwa ushindi. Lakini deni halikufutwa na ushindi huo. Serikali ilipunguza matumizi, ikakopa zaidi, na Desemba mwaka huo sheria nyingine ya kodi ikapitishwa yenye baadhi ya mambo yaliyokuwa katika muswada ule.

Wazee wetu wa mashamba ya kahawa wataona haya si mapya. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi 1977 kupita ilivyowahi kuonekana. Kenya ilineemeka, serikali ikaongeza matumizi kana kwamba bei ile imeoa na kutulia. Bei ikashuka, mafuta ya petroli yakapanda tena 1979, matumizi hayakushuka. Mwaka 1980 Kenya ilichukua mkopo wake wa kwanza wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi, na miaka iliyofuata wafanyakazi waliambiwa wakaze mikanda. Waliokuwa wamenunua nyumba Nairobi kwa fedha za kahawa hawakuambiwa wauze.

Matawi yetu kadhaa, ya viwandani na ya mashamba ya mkonge na chai, yataingia katika majadiliano ya mikataba ya hiari. Mwajiri akisema hali ya nchi ni ngumu, aulizwe anauza kwa fedha gani na analipa kwa fedha gani. Akisema uchumi unakua na sote tutafaidi, aombwe aiandike faida hiyo ndani ya mkataba: kwamba mshahara utapitiwa kila mwaka kwa kufuata kupanda kwa bei, na si kila inapompendeza. Wenzetu wa Kenya waliokuwa na kifungu cha namna hiyo waliumia kidogo kuliko waliosubiri tangazo la Mei Mosi. Makatibu wa matawi watuletee nakala za mikataba inayokwisha muda wake kabla ya mwisho wa mwezi ujao, tuone ni mingapi inacho kifungu hicho.